Kutoka Jukwaa la Bagamoyo hadi Mbele ya Kamera

Nilisomea uigizaji katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa na kupata jina lake la sasa mwaka 2007. Pale mwanafunzi hafundishwi maigizo peke yake, bali hupitia pia ngoma, muziki na sarakasi, na ndiyo maana nilipohitimu mwili wangu ulikuwa umezoea kuzungumza na mtu aliyeketi nyuma kabisa ya ukumbi.

Nilipoanza kuitwa kwenye filamu, wengi walinionya kwamba kazi itakuwa kupunguza sauti na ishara. Hilo lilikuja kwa mazoezi tu. Kilichonitoa jasho ni mpangilio wa kurekodi, kwa sababu jukwaani hadithi huanza mwanzo ikaishia mwisho usiku ule ule, na hisia hupanda zenyewe, ilhali katika filamu sini zote, yaani vipande vyote vya hadithi, za mahali pamoja hurekodiwa kwa mkupuo ili kuokoa muda na fedha, hata kama katika hadithi zimepishana miaka mingi. Asubuhi, katika nyumba moja ya mawe huko Mji Mkongwe, nilimlilia mume aliyefariki. Alasiri, kwenye baraza ile ile, nikapokea posa yake.

Basi nikaanza kuweka daftari. Niliupanga upya mswada wote kwa mfuatano wa hadithi, na kwa kila sini nikaandika mhusika anatoka wapi, anajua nini ambacho awali hakukijua, amechoka kiasi gani, na khanga yake ameifungaje. Mambo ya mavazi yalikuwa muhimu, kwani katika kazi nilizoshiriki mwigizaji mwenyewe ndiye aliyekumbuka alivyovaa jana. Kamera ilipokaribia kuwashwa sikusoma ukurasa wa sini ninayokwenda kuigiza. Nilisoma ule uliotangulia, ili niingie nikiwa na uzito wa yaliyokwisha kumpata mhusika. Nauamini sana utaratibu huu, na kila binti anayeniuliza namna ya kuanza filamu humwonyesha daftari lenyewe kabla ya jambo jingine lolote.

Siku hizi naliandika hata kwa michezo ya jukwaani, hasa tunapojiandaa kwa tamasha la kila mwaka hapa Bagamoyo, kwa kuwa wenzangu wana shughuli nyingine za kuwapatia riziki na mazoezi ya siku hutegemea nani amewahi kufika.