Lile jiwe la manjano

Jana jioni nilikuwa nimekaa barazani na beseni la maji na mawe yangu matatu ya kunolea, binti yangu akachuchumaa pembeni akaangalia weee, mwisho akauliza, "Baba, jiwe ndo linakula wembe au wembe ndo unakula jiwe?" Nikamwambia vyote viwili, vinakulana. Hakuridhika, akaenda zake kucheza. Mi nikabaki na wembe mkononi, maji yanakauka juu ya jiwe, akili imeshafika Mwanjelwa, Mbeya, mwaka 1995, kwenye kibanda cha kunyolea cha mjomba.

Mjomba wakati ule alishabaki na wazee wachache tu. Vijana wote walikuwa wamehamia kwenye mashine, na ukimwi ulikuwa umewatia watu hofu ya wembe wa kuchangia, kwa hiyo kila mzee alikuwa na wembe wake wa kukunja na kopo lake pale kwenye shelfu, makopo saba, la nane la mjomba mwenyewe, lenye wembe wa Solingen, Ujerumani, ambao ndo huu niliokuwa nao jana. Zote alikuwa anazinoa kwenye jiwe moja la kijivu. Sasa asubuhi moja ya baridi ya mwezi wa saba, baridi yetu ile ya Mbeya ambayo vidole havishiki kitu, jiwe likamponyoka likadondoka kwenye sakafu ya saruji, vipande viwili. Hakugomba wala hakusema neno. Akafunga kibanda, akaniambia twende sokoni.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili.

Muuzaji alikuwa ametandika turubai chini, juu yake matupa, bawaba, misumeno, nyundo zisizo na mipini. Mawe ya kunolea yalikuwa mawili tu. Moja jeusi, kubwa, jipya, upande mmoja wa kukwaruza upande mwingine laini kidogo, yale ambayo mpaka leo unayaona kwenye mabucha. La pili lilikuwa dogo, urefu wa kiganja, rangi yake kama siagi, na chini yake limegundishwa kwenye jiwe lingine jeusi lililo kama kigae. Pembe moja ilikuwa imemeguka, katikati limebonyea.

Mjomba akachuchumaa, akachukua lile la manjano. Hakuliangalia. Macho yake aliyapeleka kule Loleza, mlima ulikuwa umevaa wingu mpaka kiunoni, akawa anapitisha dole gumba juu ya jiwe taratibu, kwa urefu, kisha kwa upana, kisha kwa urefu tena, kama mtu anayesikiliza. Akaomba maji. Muuzaji akampa kwenye kifuniko cha chupa, akadondosha matone kwenye mawe yote mawili, akangoja. Kwenye jeusi maji yakazama palepale. Kwenye la manjano yakabaki juu, yamesimama, yanang'aa. Alafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nakifanya kila nikishika jiwe nisilolijua, akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye jeusi, akanionyesha, ukucha umejaa mistari myeupe. Akapitisha ukucha wa kidole kingine kwenye la manjano, akanionyesha tena. Huo ulikuwa unang'aa kama umepakwa mafuta.

Akaniwekea mawe yote mapajani. "Chagua wewe mjomba, wewe una macho mapya."

Nakumbuka uzito wake kwenye kaptula, nakumbuka ubaridi wa yale maji yanapenya kitambaa. Nikauliza bei, la manjano lilikuwa karibu mara tatu ya jeusi, yule mwenye mali alijua anachouza. Nikaligeuza, nikaiona ile pembe iliyomeguka, nikaliona lile bonde la katikati, nikasema kwa sauti ya mtu aliyeona kosa ambalo wakubwa hawajaliona, "Hili limeshaliwa mjomba. Hili jeusi ndo zima."

Akakaa kimya. Mkono wake ulikuja ukagusa la manjano mara moja tena, pale pale kwenye bonde, kidole kikatulia. Kisha akasema "Haya," akatoa hela, tukaondoka na jeusi.

Jumamosi akaja mzee mmoja wa Uyole, wa kopo la tatu. Mjomba alikuwa amenoa tangu alfajiri, na mimi niliyezoea mlio wa jiwe la zamani, ule kama mtu anavuta pumzi, nilisikia huu mpya unakwaruza, ila nikasema labda kwa sababu ni jipya. Akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi mara nyingi kuliko kawaida. Povu, kitambaa cha moto, shavu la kulia likaenda, kwenye kidevu wembe ukaruka. Damu ikatembea mpaka kwenye kola. Mjomba akabandika kipande cha shabu, akaomba radhi kwa Kinyakyusa, mzee akasema "ndaga", asante, kama siku zote, akalipa hela yote. Wiki iliyofuata alikuja mjukuu wake kuchukua kopo.

Mengine yalienda haraka. Mjomba alilirudia pande la jiwe lake lililovunjika, dogo kama sabuni iliyokaribia kuisha, akanolea hilo mpaka kibanda kilipofungwa. Jeusi likabaki la kunolea panga. Hakuwahi kunitajia.

Nimekuja kulijua lile jiwe la manjano nikiwa mtu mzima. Rangi ile, na ule mgongo mweusi, ni jiwe la Ubelgiji linaloitwa coticule, linatoka milima ya Ardennes, upande wa Vielsalm, na ndani yake kuna punje ndogo sana za ganeti, madini magumu ya vito, ndugu wa zile ganeti wanazochimba bonde la Umba kule Tanga. Punje zake zina pande nyingi, karibu na mviringo, kwa hiyo zinakwangua chuma bila kukichimba. Vinyozi wa Ulaya wamelitumia miaka na miaka. Na lile bonde nililolikataa? Msasa juu ya kioo bapa, maji, dakika kadhaa za kusugua, jiwe linanyooka. Wembe unalazwa bapa, mgongo na makali vyote viguse, ndo maana jiwe lazima linyooke. Mjomba alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale sokoni.

Baadaye mke wake aliniambia kuwa mwaka ule mtoto wa jicho alishaanza kumsumbua, alikuwa anaficha. Basi miaka mingi nikajipa jibu hilo, kwamba alinipa nichague kwa sababu haoni. Lakini kidole chake kiliona. Niliona kinaona. Labda hela haikutosha akaona bora neno litoke kwangu. Labda alitaka nijue kuchagua, na kujua huko kukamgharimu kopo la tatu, na la sita lililoondoka mwezi uliofuata. Nilimuuliza mama, dada yake, akanijibu, "Mjomba wako alikuwa anakupenda," akaendelea kuchambua mboga.

Wembe wake kwenye mgongo, karibu na mpini, bado una mistari ya lile jiwe jeusi. Jana nilikuwa na mawe ya namba 1000, 4000 na 8000, namba ikipanda jiwe linakuwa laini zaidi, yote yamelowa mbele yangu, ningeamua ingefutika jioni moja. Nilinoa makali tu. Ile mistari nikaipitishia kidole, nikaupaka wembe mafuta, nikaurudisha kwenye kopo.