Puli ya krenki ishikwe kwenye kitovu

Mafundi wenzangu wa Mtwara, naomba tuache kufungua bolti ya puli ya krenki (gurudumu la mikanda kwenye ncha ya shafti kuu ya injini) kwa stata. Unavalisha bolti boksi (soketi), mpini unauegemeza kwenye chasisi, mtu anapiga stata mara moja, bolti inalegea. Kazi ya sekunde chache, na mara nyingi inakubali. Siku boksi likichomoka, ule mpini unaruka kuelekea kwa dogo anayekushikia tochi. Hakuna haraka inayolingana na mkono wa kijana wa watu.

Msimu wa korosho ndipo shinikizo linapozidi. Dereva wa Hiace ya Masasi anakuja asubuhi kubadilisha taimingi belti (mkanda unaoendesha valvu zifuatane na krenki), na kabla hujaweka jeki anauliza, "Fundi, si upige stata tu tuwahi abiria?" Namjibu, "Hapana mjomba, kaa kivulini, nakufungulia kwa chuma changu."

Chuma chenyewe ni bapa la unene wa milimita 10, refu kama mkono, nililochongesha kwa mchomeleaji hapa Majengo. Lina tundu kubwa la kupitisha boksi, na pembeni yake matundu mawili madogo. Puli nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye uzi, mara nyingi M8 (za bolti ya kipenyo cha milimita 8). Unafunga bapa kwa bolti mbili ngumu, ncha ya pili unaiegemeza kwenye chasisi, kisha unafungua bolti ya katikati kwa mpini mrefu. Angalia urefu wa zile bolti mbili: zikizidi zinatokea nyuma na kugonga kava ya taimingi. Na ncha ya bapa isiguse rejeta, sampu (bakuli la oili chini ya injini) wala bomba la mafuta. Honda wao wameacha tundu la pembe sita la milimita 50 kwenye puli yenyewe, kwa hiyo kifaa chake ni kingine.

Wapo wanaoshika kwa rinchi ya cheni kwenye pete ya nje. Hapo ndipo ninapogomba kabisa. Puli nyingi zina kitovu cha ndani, pete ya nje inayobeba mikanda, na katikati yake mpira unaopunguza mtetemo wa krenki. Ukikaza cheni kwenye pete huku unavuta bolti ya kitovu, nguvu yote inapita kwenye mpira. Mpira ukiachia, pete inaanza kuyumba, mikanda inaruka, na mteja anarudi akidhani altaneta imekufa. Kitovu ndicho kilichofungwa na bolti, basi kishikwe hichohicho.

Kwa gari la gia za mkono unaweza kuingiza gia ya juu kabisa na mtu akakanyaga breki. Gia ya juu, si namba moja, kwa sababu namba moja inakuza nguvu inayofika kwenye magurudumu na breki zinalemewa. Kwa otomatiki usijisumbue: kati ya injini na gia boksi kuna mafuta, hapashiki.

Kuiacha injini izunguke pia ni hatari. Kufungua bolti ni kuirudisha nyuma, na taimingi belti iliyolegea inaweza kuruka jino. Na magari ya Shangani na Mikindani, yanayolala karibu na bahari, bolti zake zina kutu. Pulizia dawa ya kutu usiku, asubuhi ufungue. Usichome moto: nyuma ya puli kuna oili sili (inayozuia oili isivuje), na ule mpira wa puli upo palepale.

Wakati wa kurudisha, bapa lilelile linashika, na bolti inakazwa kwa rinchi ya kipimo. Toyota IST yenye injini ya 1NZ ni Nm 128 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Injini hiyo inatumia cheni badala ya taimingi belti, kwa hiyo puli yake unaitoa zaidi kwa ajili ya oili sili ya mbele. Dizeli kubwa zinataka zaidi ya hapo, soma kitabu cha injini yako. Anayetaka kuchongesha bapa lake aje na kipande cha boksi la karatasi, nitamchorea matundu ya puli ya Hiace.