Naivasha hadi Iten kwa baiskeli: hesabu ya mwinuko kabla ya hesabu ya kilomita

Ukichora njia kutoka Naivasha, kupitia Elementaita na Nakuru, kushuka hadi Bogoria na Baringo, kisha kukata magharibi kwa Kabarnet na Bonde la Kerio mpaka Iten, unapata kama kilomita 300. Mwenye miguu mizuri akiiona namba hiyo huanza kupanga siku tatu. Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Andika badala yake mwinuko wa kila kituo: Naivasha karibu mita 1,890, Nakuru 1,850, Marigat kama 1,070, Kabarnet karibu 2,000, daraja la mto Kerio pale Chebloch kama 1,100, Iten 2,400. Sasa safari imeonyesha sura yake. Nusu ya kwanza ni mteremko mrefu kuelekea kwenye joto, nusu ya pili ni kuta mbili za kupanda, na kati yake kuna shimo. Kwa baiskeli yenye mzigo wa kilo 15, siku sita ni mwendo wa heshima. Saba ni bora, kwa sababu Bogoria na Baringo zinastahili siku yake ya kupumzika.

Naivasha ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko Nairobi. Barabara ya Mai Mahiu inayoshuka ukingo wa bonde ni nyembamba, malori ni mengi, na dereva anayeshuka na breki za moto hana nafasi ya kukukwepa. Pandisha baiskeli kwenye keria ya matatu, ilipie nauli yake, ushukie Naivasha. Siku ya kwanza itumie kuzoesha mzigo: barabara ya kusini mwa ziwa ina lami, na Hell's Gate ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo unaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Mchanga wa ndani ya hifadhi utakuonyesha mapema kama umefunga mikoba vibaya. Jioni usikae barabarani karibu na ziwa. Viboko hutoka majini kula nyasi giza linapoingia, na kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini hana mazungumzo. Kambi iwe ile yenye waya wa umeme upande wa ziwa.

Naivasha hadi Nakuru ni kilomita 70 za barabara kuu ya A8, na sina mengi ya kusema juu yake. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kaa kwenye ukingo wa lami, simama kidogo pale Elementaita inapoonekana chini, umalize kabla ya malori kuongezeka. Elementaita, Nakuru na Bogoria ziliingizwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, lakini Hifadhi ya Ziwa Nakuru si ya baiskeli. Ukitaka kuiona, acha baiskeli hotelini ukodi gari.

Baada ya Nakuru barabara inabadilika tabia. Unapita Kabarak, unaingia Mogotio kwenye mashamba ya mkonge, unavuka mstari wa ikweta, na hewa inaanza kuwa nzito. Kwa kilomita 100 hadi Marigat unashuka karibu mita 800, ila usidhani ni mserereko mtupu. Kuna vilima vingi vifupi katikati, na vile vya mwisho unavikuta joto likiwa limeshafika. Marigat mchana hupanda hadi nyuzi 33 au 35. Kwa hiyo ratiba ya bonde la chini ni moja tu: tandiko saa kumi na moja na nusu alfajiri, kivuli saa nne, na kama ni lazima uendelee, saa kumi jioni. Anayebisha na ratiba hii huishia kukaa chini ya mgunga akitapika maji aliyokunywa.

Kuhusu maji, wengi hubeba ya kutosha lakini husahau chumvi. Lita tano hadi sita kwa siku ni kiasi cha kawaida hapa chini. Katika kila lita ya pili tia vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Usiongeze chumvi ukidhani unaongeza nguvu. Na usitegemee maziwa yenyewe kwa kunywa: Elementaita, Nakuru na Bogoria yana magadi, wala hakuna kichujio cha mkononi kitakachoondoa magadi hayo. Naivasha na Baringo yana maji matamu, ila ya Baringo ni ya rangi ya udongo. Yaache yatulie kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kuchuja, vinginevyo kichujio kitaziba kwa lita mbili.

Halafu kuna mathenge. Mti huu uliletwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, ukashamiri kuliko ulivyotakiwa, na sasa umefunika sehemu kubwa za tambarare kati ya Marigat na ziwa. Mwiba wake ni mgumu, na hupenya tairi ya kawaida bila shida. Barabara ya lami ni salama kiasi. Pancha nyingi hutokea unapotoka kando mita kumi kutafuta kivuli. Kanuni ni kuibeba baiskeli begani ukitoka barabarani, usiisukume.

Ukipata pancha ya mathenge, kuziba tyubu ndiyo kazi ndogo. Ncha ya mwiba huvunjikia ndani ya mpira, na kwa nje huoni kitu. Tyubu mpya itatobolewa palepale baada ya kilomita mbili, nawe utalaumu kiraka. Toa tairi yote, igeuze ndani nje, kisha pitisha kipande cha kitambaa laini polepole kuizunguka. Kitambaa kitanasa pale penye ncha. Kidole kitanasa pia, lakini utakijutia. Kunja tairi mahali hapo ili mpira ufunguke, ushike ncha kwa koleo dogo, uvute kwa kufuata upande ulioingilia. Ikiwa imezama, isukume kutokea nje kwa sindano. Pitisha kitambaa mara ya pili hata kama umepata mmoja, kwa kuwa miiba huja kwa vikundi. Ndipo uzibe tyubu: kwangua, paka solushen nyembamba, subiri dakika tano mpaka ikauke, bandika. Kwenye joto la Marigat watu huharakisha hatua ya kusubiri, na kiraka hubanduka mchana lami ikipata moto. Beba tyubu mbili na viraka visivyopungua ishirini.

Aina ya gurudumu inaamua kama fundi wa kijijini ataweza kukusaidia. Maduka ya Marigat na Kabarnet huuza matairi ya inchi 26 na yale ya 28 ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma ya vijijini. Tairi la baiskeli ya kisasa yenye rimu ya milimita 622 ni la kubahatisha, na la Black Mamba halikai juu yake ingawa linaandikwa 28, kwani rimu yake ni 635. Kama una baiskeli ya inchi 26, tumia hiyo. Upana wa inchi mbili unatosha: hewa ya pauni 45 kwenye lami, 35 kwenye changarawe. Tyubu zenye vali nyembamba ya baiskeli za mbio hazitashika pampu ya fundi wa bodaboda. Kiunganishi cha shaba cha kuibadilisha ni kidogo kama punje ya mahindi, na bila hicho utapampu kwa mkono mpaka Iten.

Spoku ndiyo inayowashinda mafundi hodari. Hukatika gurudumu la nyuma, upande wa gia, kwa sababu upande huo umevutwa zaidi na mzigo uko juu yake. Ili kuingiza mpya lazima meno ya nyuma yatolewe, na kifunguo chake hakipo vijijini, maana Black Mamba ina jino moja tu. Beba kifunguo, spoku tatu za urefu sahihi, na spana ya kukazia. Unyooshaji mwenyewe mwachie fundi. Ataweka kidole gumba kwenye fremu, azungushe gurudumu, na kwa dakika ishirini litakuwa limenyooka kuliko lilivyotoka dukani.

Marigat hadi Kampi ya Samaki ni kilomita 20 tambarare, na samaki wa kukaanga wapo mwisho wake. Lakini usiamini ramani ya zamani. Maji ya Baringo na Bogoria yalipanda sana kuanzia miaka ya 2010, yakameza hoteli, mashamba, na vipande vya barabara kando ya ziwa. Kwenda kwenye chemchemi za moto za Bogoria, uliza langoni njia ya sasa inapita wapi. Makorongo nayo hujaa ghafla mvua ikinyesha vilimani hata kama uliko kumekauka. Aprili, Mei, Julai na Agosti yaangalie kwa jicho kali.

Usalama usiufanyie mzaha. Kaskazini mwa Ziwa Baringo, kuelekea Loruk na Tiaty, na upande wa chini wa Kerio huko Marakwet, wizi wa mifugo kwa bunduki umedumu miaka, na Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi. Njia ya lami ya Marigat, Kabarnet, Iten iko kusini mwa maeneo hayo, lakini hali hubadilika kwa wiki. Pita kituo cha polisi Marigat, kisha muulize na mzee yeyote aliyekaa dukani: “Mzee, huku juu kumetulia?” Majibu mawili yakitofautiana, fuata la tahadhari.

Ukuta wa kwanza, Marigat hadi Kabarnet, ni kilomita 40 na mita 900 za kupanda. Kununua asali barabarani ni vizuri, kubeba lita mbili za asali kwenye mlima huo si vizuri. Gia ndiyo ya kuangalia kabla hujatoka nyumbani: meno 28 mbele na 36 nyuma, kwa gurudumu la inchi 26, hukupa kama mita 1.6 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 6 kwa saa bila kuua magoti. Mwenye meno 42 mbele atasukuma.

Kutoka Kabarnet unazipoteza mita zote hizo kwa mteremko mmoja wa kona hadi daraja la Chebloch. Usiburute breki mfululizo. Rimu hupata moto, hewa ya tyubu hutanuka, na tairi inaweza kupasuka ukiwa konani. Funga breki kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa, rudia. Simama mara mbili au tatu, uguse rimu kwa haraka. Ikikuunguza, kaa utazame bonde kwa dakika kumi.

Ukuta wa pili ndio wenyewe. Lala Biretwo, chini ya ukuta huo, kula maembe kama ni msimu, na anza kupanda kabla ya jua. Mita 1,200 na zaidi hadi Iten kupitia Tambach, kwa mwendo wa mita 400 au 500 za mwinuko kwa saa, ni karibu saa tatu za kanyaga. Hewa inapoa kila baada ya kona chache, hivyo weka koti juu ya mkoba, si chini. Ukiingia Iten asubuhi utapishana na wakimbiaji wakishuka kwa vikundi. Waachie ukingo wa barabara, ni wao wenye mji. Chai na mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, vipo karibu na stendi.

Eldoret ni kilomita 35 nyingine, nyepesi, na huko ndiko yaliko mabasi ya kurudi. Usiruhusu baiskeli itupwe ndani ya buti ilivyo. Fungua kibadilisha gia cha nyuma, kifunge ndani ya fremu kwa kamba, toa gurudumu la mbele, ilaze upande wa kushoto, na usimame hapo mpaka mlango wa buti ufungwe. Gunia la viazi likikaa upande wa gia, lile sikio dogo la fremu linaloshika kibadilisha gia hupinda, na kulinyoosha ni kazi ya fundi wa Nairobi.