Mashine Yangu Mbele ya Mkutano wa Kijiji

Kabla sijawa na mashine ya kufumia, hakuna mtu kijijini kwetu aliyejali nina shilingi ngapi. Nilikuwa yule binti wa magongo, basi. Polio ilinipata kabla sijaanza shule, ikaninyima mguu wa kulia wote na nguvu nyingi za wa kushoto, na watu walishazoea kunionea huruma asubuhi na kunisahau jioni. Mwaka 2021 nikanunua mashine, na ghafla mfuko wangu ukawa jambo la kijiji.

Kwetu ni Mufindi, mkoani Iringa, si mbali na barabara ya Tanzam yanakopita malori ya mbao usiku kucha. Kijiji na halmashauri sivitaji, maana baadhi ya watu wa kisa hiki tunaamkiana kamwene kila siku. Anayeijua Mufindi anajua baridi yake: mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi unatoka nje ukakuta sakitu imelala juu ya majani. Mtoto haendi shule bila sweta. Na sweta za shule zote tulikuwa tunazifuata Makambako.

Jina la mama lilikuwa kwenye daftari la TASAF, mfuko wa serikali wenye mpango wa kunusuru kaya maskini. Nyumbani tulikuwa mama, mimi, na watoto wawili wa marehemu dada yangu. Malipo yalikuja kila baada ya miezi miwili, kwa masharti kwamba watoto wahudhurie shule, na mdogo asikose kliniki. Ilikuwa hela ya sabuni, chumvi, madaftari, na kilo chache za mbolea msimu ukifika. Kidogo, ndiyo, lakini ilikuwa na tarehe yake, na maskini anajua thamani ya hela yenye tarehe.

Halafu kulikuwa na mkopo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani na kukopesha bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii alitueleza habari hiyo siku ya mnada, na kwa maelezo yake ilikuwa lazima kikundi. Tukajikusanya watano: fundi viatu, kaka mmoja asiyeona aliyefuga kuku, mama mwenye ualbino aliyeuza mitumba ya watoto, kijana kiziwi wa useremala, na mimi. Katiba tukaandikiwa, akaunti tukafungua, muhtasari ukagongwa mhuri. Kila mtu alibaki na kazi yake lakini deni likawa la wote. Katika mgawo wangu nikanunua mashine iliyotumika kwa laki saba, mtu aliileta kutoka Iringa juu ya keria ya basi, na zilizobaki nikanunua nyuzi.

Kwenye andiko la mradi afisa alinisisitiza niweke faida ionekane. "Dada, hapa tunakopesha mtu atakayerudisha," aliniambia. Nikaweka faida, tena ya kweli kwa hesabu za Januari shule zinapofunguliwa. Kwa mtendaji nikalipia kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, shilingi 20,000, ambacho wakati ule mwenye nacho alikuwa yule ambaye mauzo yake hayakuzidi milioni 4 kwa mwaka. Na hilo lilikuwa kweli. Wiki chache baadaye likatangazwa zoezi la uhakiki wa walengwa wa TASAF, ambako unaulizwa mnakula milo mingapi, mnalala wangapi chumba kimoja, paa ni la nini. Serikali ni moja, lakini meza hii inataka uoneshe kwamba utainuka na ile inataka uoneshe kwamba hujainuka. Unatembea kati ya meza hizo na faili zako, na kila unapokaa lazima ujue hapa wewe ni nani.

Mama hakutaka falsafa hizo. Siku moja kabla ya mkutano wa kijiji wa uhakiki huo nilimkuta ameifunika mashine kwa mablanketi na kuipandishia gunia la mahindi.

"Mama, hiyo itavunjika sindano."

"Bora ivunjike sindano kuliko nivunjiwe jina."

"Si kijiji kizima kinanunua masweta hapa?"

"Kununua wanunue. Kuandikwa ni kitu kingine, mwanangu."

Tulibishana mpaka moto wa jikoni ukafa. Hofu yake niliielewa. Yeye ndiye aliyewahi kukaa na watoto wawili na binti asiyeweza kushika jembe, kabla ya TASAF na kabla ya mashine, na hakuna aliyeitisha mkutano wa kujadili hali hiyo. Lakini kufuma kwa kujificha ndani ya nyumba ambayo wateja wanaingia na kutoka ni kichekesho, na mimi sipendi kuchekwa kwa jambo ambalo si kosa. Nikalitoa gunia mwenyewe, kwa kuliburuta nikiwa nimekaa chini.

Mkutano ulifanyika ofisi ya kijiji, nje, watu wamekaa kwenye magogo na majani. Mwenyekiti alitaka wamalize mapema, kwa sababu ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, na baada ya saa nane huwezi kupata akidi ya watu wenye akili zao. Majina yalisomwa moja moja. Lilipofika la mama, baba mmoja mwenye duka akanyanyua mkono.

"Kaya hii mimi sina ugomvi nayo. Lakini pale kuna kiwanda. Masweta yanatoka mpaka shule ya jirani. Kama huyo ni maskini, basi na mimi niandikeni."

Watu wakacheka. Mama akainamisha kichwa na kuanza kukunja ncha ya kitenge chake. Nilitazama huku na huku nione nani atasema, nikaona hakuna, nikajisimamisha kwenye magongo. Jambo moja kuhusu kusimama kwangu: huchukua muda, na muda huo watu wote hunyamaza. Sijawahi kuupenda ukimya ule, ila siku hiyo niliutumia.

Niliwaambia mashine ipo, na anayetaka kuiona aje. Nikawaambia ni ya mkopo wa ile asilimia 2, na kila mwezi kikundi kinapeleka rejesho benki, yawe masweta yameuzika au hayakuuzika. Nikawapa hesabu ambayo ndiyo hasa nilitaka waisikie: masweta yanauzika Januari, na kidogo mwezi wa tano baridi inapoanza kuuma. Septemba mpaka Novemba hakuna anayenunua sweta, watu wako kwenye mbegu na mbolea. Miezi hiyo rejesho liko palepale na nyuzi zinapanda bei. Kwa hiyo mnaponiona Januari nahesabu noti, mnaona mwezi mmoja. Hela ya TASAF ya mama ndiyo inayofanya mwezi wa kumi nisiiuze mashine ile ile mnayoiita kiwanda.

"Na siku ukikaa sawa?" akauliza yule baba.

"Siku hiyo nitakuja hapa hapa mwenyewe kusema jina litoke."

Sijui kama aliridhika. Aliyemaliza maneno ni mzee mmoja wa kitongoji cha chini, ambaye kwa kawaida hasemi kitu mkutanoni ila kuomba wafupishe. Alisema bila hata kusimama: "Mali ya deni haiandikwi kuwa utajiri. Mnyama wa kuazima unamhesabu zizini kwako?" Watu wakacheka tena, safari hii upande wetu, na mwenyekiti akaona afadhali asogee kwenye jina linalofuata.

Mkutano peke yake hauamui kila kitu. Baadaye mwezeshaji alikuja nyumbani na dodoso, kijana mpole, akauliza maswali yake yote mpaka idadi ya kuku. Mama alimjibu vizuri, kisha pasipo kuulizwa akampeleka mwenyewe kwenye mashine. Akamwonesha na daftari langu la marejesho, ukurasa kwa ukurasa, akieleza kama vile ndiye anayefuma. Kijana akaandika. Dirisha la malipo lililofuata jina la mama lilikuwepo.

Mtu anisome vizuri hapa. Sisemi kila kaya iliyo na mashine ibaki kwenye orodha. Nimewaona walioondolewa na walistahili kuondoka, na nimewaona waliobaki kwa kujua kuficha. Ninachobishia ni ile fikra kwamba mwenye ulemavu akianza kujiajiri, siku anayowasha taa ya duka ndiyo siku ya kumvuta shati. Biashara ya mtu mmoja haikui kwa mwezi, na mwili wangu haukupona kwa sababu nimepata nyuzi. Ninalipa bodaboda pale ambapo fundi mwingine anatembea. Mzigo wa koni za nyuzi anaoubeba mwenzangu begani, mimi namlipa mtu. Gharama hizo hakuna fomu niliyowahi kuona inaziuliza.

Kikundi tulimaliza deni mwaka 2022. Fundi viatu alihamia Makambako katikati ya marejesho na sehemu yake tukailipa sisi wanne, jambo ambalo wenzangu wamelisamehe na mimi bado. Tulikuwa tunajiandaa kuomba awamu ya pili Aprili 2023 serikali ilipoisimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu wake upangwe upya. Iliporudi mwaka 2024, mtu mwenye ulemavu aliweza kukopa peke yake, bila kutafuta wenzake wa kusaini nao. Nikafuata fomu siku ya mnada, nikaijazia mezani nyumbani, mama akiwa pembeni anachambua mboga na kunifuatilia kila mstari.

Tukafika penye vyanzo vingine vya mapato ya kaya. Nikanyanyua kalamu, nikamtazama.

"Andika TASAF," akasema. "Nani hajui?"