Itetemia hadi Urambo: nani alishika mvua

"Unaenda kwa mtemi?" kijana wa bodaboda aliniuliza pale stendi ya Tabora. Nikasema ndiyo, ingawa kisheria Tanzania haina mtemi tangu 1963, serikali ya uhuru ilipofuta mamlaka ya machifu. Hilo halikumhusu. Itetemia kwake ni kwa mtemi, na nauli ya kwenda kwa mtemi haikushuka kwa ajili ya sheria ya bunge.

Itetemia ni makao ya ukoo wa Fundikira, watawala wa Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi uliozunguka Tabora. Aliyenipokea ni mzee wa kofia ya kiua, tasbihi mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanifundisha "mwangaluka", salamu ya Kinyamwezi, na kunitaka niirudie mpaka ikae sawa mdomoni. Nilitaka kuzungumzia vita na kodi. Yeye akaanza na mvua.

"Mwanangu, mtemi alikuwa mtu wa mvua kabla hajawa mtu wa kodi," alisema. Mtemi ndiye aliyesimama kati ya watu na mizimu ya ukoo. Akiugua, watu walihofia mashamba. Mvua ikigoma, lawama ilimwendea yeye, na wapo watemi walioondolewa kwa sababu hiyo. Waganga walimzunguka, wakapiga ramli kabla ya vita na kabla ya kupanda. Nikamuuliza mzee, Mwislamu safi kama yeye, anayasemaje hayo. Akacheka: "Ijumaa niko msikitini. Mizimu ni babu zangu, nitawakana vipi?"

Niliondoka nikitafakari jinsi wenyeji hawa walivyozipokea dini za wageni. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikuwa wamekita kambi Tabora, wakati huo ikiitwa Kaze, kabla wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke hawajafika mwaka 1857. Walisali, wakajenga tembe, wakapanda miembe, wakalipa hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi. Sioni dalili kwamba walihangaika sana kumsilimisha mtemi. Walichohangaikia ni kodi yake. Mtemi Mnywa Sere alipotaka kuwatoza zaidi, walimwondoa karibu mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa. Mgeni asiye na haja na imani ya mwenyeji akawa na haja kubwa na kiti chake. Nalisema hili kwa sababu kuna simulizi tamu inayodai Uislamu uliingia bara kwa upole mtupu wa biashara. Biashara ilikuwepo, upole ulikuwa na mipaka yake.

Kwihara, nje kidogo ya Tabora, nilipita haraka. Ni hapo Livingstone alipongoja wapagazi kutoka Machi hadi Agosti 1872, baada ya Stanley kuondoka. Tembe iliyopo imejengwa upya, na picha ukutani zinamhusu Mzungu zaidi kuliko wenyeji wake.

Kipalapala, barabara ya Sikonge, ina uzito zaidi. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki wa Kardinali Lavigerie, waliotoka Bagamoyo mwaka 1878 walianzisha hapa kituo cha kulea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1889 wakakihama, kwa kuwa mambo na mtemi Isike, mwana wa Mkasiwa, yalikuwa yamechacha. Isike hakuwa na sababu ya kuwapenda. Mzungu kwake alikuwa Mzungu, awe na msalaba au bendera, na bendera yenyewe ilikuwa njiani: Emin Pasha aliipandisha ile ya Wajerumani Tabora mwaka uliofuata. Januari 1893 kikosi cha Kijerumani cha Tom von Prince kilipovunja ngome yake, Isike aliwasha baruti akiwa ndani.

Hapo ndipo kitu kilipokatika, kwa maoni yangu. Wajerumani walichukua mkuki, mahakama na kodi. Mvua hawakuitaka. Walimwachia mtemi mwingine waliyemtaka wao, mtu aliyeendelea kulaumiwa kwa ukame huku hana tena mamlaka ya kuamua lolote kubwa.

Waingereza nao wakaja na namna yao, ambayo ukitembea Tabora mjini unaiona kwa macho: shule ya serikali ya wavulana, iliyolenga kwanza watoto wa machifu ili wawe watawala watiifu. Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alisoma hapo kuanzia 1937 hadi 1942. Akabatizwa Mkatoliki mwaka 1943, akarudi Tabora kufundisha St. Mary's, shule ya Mapadre Weupe. Januari 1958, katika mji huuhuu, ndiye aliyewashawishi wajumbe wa TANU wakubali uchaguzi wa kura tatu, uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Zuberi Mtemvu hakukubali, akaondoka kuunda chama chake. Mwaka huohuo Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee la TANU, alifukuzwa kwa kuleta hoja kwamba uongozi ungewapendelea Wakristo. Hoja ilinyamazishwa. Kama ilijibiwa, hilo bado linabishaniwa barazani.

Na Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe mwenyewe? Alikuwa waziri wa sheria baada ya uhuru. Akajiuzulu 1963, mwaka uleule utemi ulipofutwa, na aliyeufuta alikuwa mtoto wa mtemi.

Kesho yake nilipanda basi la Urambo, nchi ya tumbaku. Nilimtaka Mirambo, mtemi wa Urambo wa zamani, kwa sababu jambo hili la kumpokea mgeni bila kuipokea imani yake yeye alilifahamu kuliko wote. Mwaka 1879 alimkaribisha Ebenezer Southon, daktari wa London Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kiprotestanti. Akampa ardhi, akamtumia kumwandikia barua kwa balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk. Ubatizo hakuukubali. Mizimu yake alibaki nayo, na rugaruga wake, wapiganaji wake, pia. Wazungu wawili, Carter na Cadenhead, walipouawa mwaka 1880 katika vita vya watu wake, hata kalamu ya Southon haikuweza kuurudisha urafiki na Kirk. Southon alifariki 1882, Mirambo 1884, na milki ikasambaratika. Mwaka 1898 misheni ikakabidhiwa kwa Wamoravian, ambao wako Urambo hadi leo.

Jioni nilikaa stendi na mkulima wa tumbaku, mtu wa makamo, kanzu imefungwa juu ya suruali ya kazi. Nikamuuliza mvua zikichelewa siku hizi wanamlaumu nani. Akafikiri kidogo.

"Redio inatabiri. Mbunge anaahidi. Shehe anatuombea, mchungaji anatuombea. Zamani mtemi alikuwa hao wote kwa pamoja, unajua mlango wa kugonga. Sasa nikigonga kwa mbunge ananiambia ni kazi ya Mungu. Nikigonga kwa mchungaji ananiambia ni mabadiliko ya tabianchi."

"Na tumbaku?" nikamuuliza.

"Tumbaku ina wakala wa kampuni. Huyo naye analaumu soko."