Jinsi nilivyopima barabara za vijijini Chamwino kwa GPS

Longitudo ya nyuzi 36 mashariki hupita ndani ya wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, na barabara ya kwanza niliyokabidhiwa kupima ilikuwa inaivuka. Nilikiacha kifaa kijichagulie kanda ya UTM (mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kutaja mahali kwa mita), na jioni nilipofungua pointi zangu kwenye QGIS, programu ya ramani, nikakuta barabara imekatika vipande viwili, kwa sababu longitudo hiyo ndiyo mpaka wa kanda ya 36 na ya 37, na mahali palepale pa mpaka husomeka takriban mita 832,000 mashariki katika kanda ya 36 na takriban 168,000 katika kanda ya 37. Tangu siku hiyo nilirekodi kila kitu kwa latitudo na longitudo za WGS84, datumu inayotumiwa na GPS, yaani msingi wa kukokotolea mahali, nikabadilisha kuwa mita ofisini, barabara nzima katika kanda moja.

Ramani za zamani za 1:50,000 nazo zilinipa somo, kwa kuwa zimechorwa kwa datumu nyingine, ya Arc 1960, na mstari wangu ulipowekwa juu yake bila kubadilishwa ulionekana umehamia kusini kwa karibu mita 300. Mwenzangu alipendekeza tuusogeze kwa mkono hadi ulingane. Nilikataa, maana mstari uliosogezwa kwa macho hauwezi tena kuaminiwa na yeyote atakayekuja baada yetu; datumu hubadilishwa kwa hesabu.

Kupata mstari wa kati wa barabara wenyewe hakukuwa na ugumu mkubwa. Antena ilikaa juu ya paa la gari, tukaenda kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa huku kifaa kikirekodi kila sekunde, kisha tukarudi kwa njia hiyohiyo. Kwa kuwa huku tunaendesha upande wa kushoto, mistari ya kwenda na kurudi huiweka kati barabara, na wastani wake ndio niliouchukua. Kila tuliposimama nilisitisha kurekodi, kwa sababu gari lililosimama huacha fundo la pointi linaloongeza urefu wa barabara ambao haupo.

Kazi iliyonishika moyo ni ya makalavati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Kalavati lililosahaulika kwenye orodha halizibuliwi, na lisipozibuliwa, mvua moja kubwa huondoka na tuta zima la barabara, watoto wakabaki ng'ambo ya shule. Kwa hiyo niliyafuata kwa miguu. Nilisimama katikati ya barabara, juu ya bomba, nikakiacha kifaa kichukue wastani kwa dakika moja, kisha nikashuka kupima kipenyo kwa futi kamba, mara nyingi milimita 600 au 900, na kuandika hali ya kuta za mdomoni na kiasi cha mchanga uliojaa. Mwanzoni nilikuwa nikichukua pointi mdomoni mwa bomba, na matokeo yake bomba moja lilionekana kama mawili, moja kushoto na jingine kulia.

Karibu na mbuyu mmoja, mzee aliyekuwa akichunga mbuzi alituita. "Mwanangu, hapo ulipopita pana bomba," alisema, akaelekeza fimbo kwenye nyasi. Nilimshukuru, tukafyeka, na baada ya kuchimba kidogo kwa jembe ukingo wa zege ukajitokeza, bomba likiwa limejaa mchanga hadi juu. Nilirudi katikati ya barabara, nikasubiri dakika yangu moja, nikaliandika.