Kuyawahi Maji ya Siyu

Saa nane na nusu usiku, mbalamwezi imejaa juu ya Lamu, sisi watano tulikuwa tumeshateremsha kayaki zetu majini, twende Siyu katika kisiwa cha Pate, kuchangisha pesa za boti ya wagonjwa. Nahodha wetu, mzee wa Matondoni aliyetufuata na mashua ya mashine kwa usalama, aliyatazama maji mara moja tu.

"Haya, twendeni. Mai hayangoji mtu, wanangu."

Usiku haukuwa hiari yetu. Njia ya kwenda Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na tulitaka kuupita Mkanda maji yakiwa yamejaa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mchanga, maji hujaa kwetu kwenye saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na tena jioni. Basi maji ya alfajiri yalikuwa ya Mkanda, na ya jioni ya kuingilia Siyu. Tulikuwa pia tumengoja maleleji, wakati pepo zimetulia, kaskazi imelegea na kusi haijaingia, maana kupiga kafi kuikabili kaskazi kutwa nzima humaliza mabega.

Siyu ndiko alikoolewa binamu yangu. Mwaka jana alishikwa na uchungu usiku, maji yamekupwa. Mashua iliyombeba ilikaa topeni katika mkondo wa kutokea mjini, na walipofika hospitali mtoto alikuwa ameshafariki. Mtangawanda, upande wa pili wa kisiwa, kuna gati na kina cha kutosha. Changizo letu lilikuwa la mashine na mafuta ya boti itakayolala pale kila usiku, ili mgonjwa apelekwe kwa barabara asiutegemee mkondo. Jamaa, wenye maduka na marafiki waliahidi kutuma kwa M-Pesa, kila mmoja kwa sharti moja: tufike Siyu kwa makafi yetu wenyewe.

Ndani ya Mkanda hatukusemezana. Mizizi ya mikoko ilikuwa imezama yote, matawi yamelala juu ya maji, na mwezi ukipenya vipande vipande. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu; ukiwa humo gizani, unaisikia ikipumua, matone yakidondoka, samaki wakiruka usiwaone. Nimezaliwa Lamu na nimepita pale mara nyingi kwa boti, lakini kelele ya mashine ilikuwa imenificha yote hayo.

Jua lilitukuta kwenye ghuba ya Manda. Upande wa bara tuliziona gati za bandari mpya, ile ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Hapo mawimbi yalitupiga ubavuni, mwenzetu mmoja akapinduka, tukamrudisha, tukaendelea.

Mtangawanda tulikula mahamri kwa mbaazi, tukalala kivulini. Kosa la kuchelewa lilikuwa langu. Nilishikilia tuwangoje abiria wa boti ya mchana niwaeleze habari ya changizo. Walichanga, Mungu awabariki, lakini saa nzima ilipotea.

Tulipouingia mkondo wa Siyu, jua lilikuwa linatua na maji yameanza kutoka. Niliyaona yakivuta majani kinyume chetu. Tulipiga makafi kwa nguvu zote zilizosalia, na kwenye kona ya mwisho kayaki yangu ikakwaruza, ikakaa. Nikakumbuka wanayosimulia wazee wetu juu ya vita vya Shela, kisiwani Lamu, mwaka 1812 hivi: majeshi ya Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, yaliposhindwa na watu wa Lamu na kukimbilia vyombo vyao, yalikuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Nilishuka, tope likanifika mapajani.

Vijana wa Siyu walikuja na tochi, wakatuvuta mmoja mmoja. Binamu yangu alikuwa amesimama ukingoni, mtandio umemfunika mabega.

"Mmekwama pale penye mkoko ulioinama?"

"Ndipo, dada."

"Kwa muda gani?"

"Kama nusu saa."

Alinyamaza kidogo. "Mimi nilikaa pale mpaka maji yakarudi," akasema, kisha akanishika mkono uliojaa tope, akanipeleka nyumbani kuoga.

Simu yangu ilianza kuingiza pesa tukiwa bado kwenye chakula cha usiku. Mashine tumeshailipia; sasa tunachangia mafuta ya mwaka wa kwanza.